Gesi Ipo, Ila Haipoi: Jibu kwa Mwalimu wa Sengerema

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha fizikia katika sekondari moja wilayani Sengerema. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wameona video kwenye simu inayosema kwamba shimo jeusi lililo katikati ya kila galaksi kubwa humeza gesi na nyota, mpaka galaksi inakosa malighafi ya kuzaa nyota mpya. Kisha mikono yake, ile mistari ya nyota inayojipinda kuzunguka kitovu, hukatika, nayo galaksi hujikunja na kuwa kama yai. Video inamalizia kwa kusema kwamba galaksi yetu iko njiani kufikia hali hiyo. Je, ndivyo galaksi kubwa zinavyoacha kuzaa nyota na kubadilika umbo? Na galaksi ikipoteza mikono, ni dalili kwamba imezeeka?

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Ulifanya vyema kutowajibu papo hapo. Swali lako hunifikia karibu kila mwezi, mara kutoka kwa mwanafunzi, mara kutoka kwa mzazi, na kila mara kitenzi ni kile kile: kumeza. Sitaeleza shimo jeusi ni nini, kwa kuwa hilo unalifahamu. Nitakwenda moja kwa moja kwenye kitenzi hicho, kwa sababu ndicho kinachopotosha kila kinachofuata.

Tuanze na vipimo. Shimo jeusi la katikati ya galaksi yetu, Njia Nyeupe, lina tungamo la Jua takriban mara milioni 4. Kazi ya kulithibitisha kwa kufuatilia nyota zinazolizunguka ndiyo iliyowapatia Reinhard Genzel na Andrea Ghez sehemu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2020. Galaksi nzima, pamoja na maada ya giza (maada isiyoonekana, tunayoijua kwa uvutano wake tu), ina tungamo la Jua takriban mara trilioni moja. Kwa hiyo tunazungumzia kitu ambacho ni sehemu moja kati ya robo milioni ya nyumba kinamokaa. Sahani ya nyota zetu ina upana wa takriban miaka ya nuru 100,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), lakini eneo ambalo uvutano wa shimo hilo unatawala ni la miaka ya nuru michache tu kutoka kitovuni. Jua letu liko mbali na kitovu kwa zaidi ya miaka ya nuru 26,000, nalo linashikwa katika njia yake na uvutano wa nyota, gesi na maada ya giza iliyomo ndani ya njia hiyo. Shimo jeusi lingeondolewa leo, Jua lingeendelea kuzunguka karibu vile vile linavyozunguka sasa. Shimo jeusi halivuti kwa nguvu ya ajabu inayofika kila mahali. Kwa mbali huvuta kama kitu kingine chochote chenye tungamo lile lile.

Sasa tazama galaksi ambayo kweli imeacha kuzaa nyota. M87, iliyo katika kundinyota la Mashuke, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 55, ni duaradufu kubwa, yaani galaksi yenye umbo la yai isiyo na mikono, ambayo karibu nyota zake zote ni kongwe. Shimo lake jeusi lina tungamo la Jua mara bilioni 6.5, na ndilo lililopigwa picha ya kwanza iliyotolewa Aprili 2019. Kama hoja ya kumeza ingekuwa kweli, pembeni mwa shimo hilo tungekuta utupu. Tunachokuta ni kinyume chake: M87 imezungukwa na angahewa kubwa ya gesi yenye joto la nyuzi milioni 10 na zaidi, ambayo macho hayaioni kwa sababu inang'aa kwa eksirei. Katika makundi makubwa ya galaksi, gesi ya aina hii ina tungamo kubwa kuliko nyota zote za kundi zikijumlishwa pamoja. Nasi watu wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulikumbuka jambo hili, kwa maana chombo kilichotuonyesha kwamba makundi ya galaksi yamejaa mwanga wa eksirei ulioenea eneo pana ni setilaiti iliyoitwa Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi.

Malighafi, basi, ipo tele. Isichoweza kufanya ni kupoa. Nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya gesi yenye baridi kali, takriban nyuzi 260 za selsiasi chini ya sifuri, kwa sababu huko tu ndiko mgandamizo wa gesi unaposhindwa kuzuia uvutano usiikunje. Gesi ya nyuzi milioni 10 haiwezi kukunjika kuwa nyota, hata ikiwa nyingi kiasi gani.

Ninyi wa Sengerema mnaishi na ziwa kama sisi wa Mwanza, kwa hiyo mfano huu wanafunzi wako wataushika. Usiku wa giza, ukisimama juu ya mawe ya Capri Point na kutazama majini, taa za wavuvi wa dagaa huwa nyingi kiasi kwamba mgeni anaweza kudhani kuna mji ng'ambo. Mwezi ukishakuwa mpevu taa hizo hutoweka karibu zote, kwa kuwa dagaa hawavutwi na taa wakati maji yote yanaangazwa na mbalamwezi, na mitumbwi hubaki imefungwa ufukweni. Hakuna mvuvi atakayekuambia kwamba taa zimezimika kwa sababu dagaa wamekwisha ziwani. Dagaa wapo, hali ya kuwavua ndiyo haipo. Galaksi kubwa iliyozimika iko katika hali hiyo hiyo.

Ukitaka jaribio la darasani, chemsha maji katika sufuria iliyofunikwa. Mvuke hujaa chini ya kifuniko, nao hugeuka matone unapokutana na bati lililopoa. Kisha fanya anavyofanya mpishi wa wali: palia makaa juu ya kifuniko. Mvuke ni ule ule na maji ni yale yale, lakini matone chini ya kifuniko hayafanyiki tena. Waulize wanafunzi nani ameyameza matone.

Makaa hayo katika galaksi hutoka wapi? Kuna vyanzo viwili vinavyofanya kazi kwa kupokezana. Cha kwanza ni uzito wa galaksi yenyewe pamoja na maada ya giza inayoizunguka. Tungamo hilo lote likifikia takriban mara trilioni moja ya Jua, gesi mpya inayoanguka kutoka nje hugongana na ile iliyotangulia kwa kasi kubwa mno, ikapashwa joto papo hapo kwa wimbi la mshtuko, na kubaki ikielea badala ya kushuka kuwa sahani baridi. Ndiyo maana kuzimika ni tabia ya galaksi kubwa hasa: tukizipanga galaksi zilizo karibu nasi kwa tungamo la nyota zake, tunaona kwamba zilizo chini ya takriban mara bilioni 30 ya Jua kwa sehemu kubwa bado ni za buluu na zinazaa, na zilizo juu ya kiwango hicho nyingi ni nyekundu na zimetulia. Wekundu huo si ugonjwa. Nyota kubwa za buluu huishi muda mfupi, nyingi miaka milioni kadhaa au makumi ya mamilioni, na uzazi ukikoma zinatangulia kutoweka, zikabaki zile ndogo zenye rangi ya machungwa na nyekundu.

Chanzo cha kwanza peke yake hakitoshi, maana gesi iliyopashwa joto hung'aa, na inayong'aa hupoteza nishati. Katikati ya makundi mengi ya galaksi gesi ingepaswa kupoa kwa muda usiozidi miaka bilioni moja au zaidi kidogo, na tungeona mamia ya nyota zikizaliwa humo kila mwaka. Hatuzioni. Hapa ndipo shimo jeusi linapoingia, na linaingia kwa kazi iliyo kinyume kabisa na ile ya video. Gesi kidogo inapopoa hushuka kuelekea kitovuni, na sehemu ndogo yake hulikaribia shimo. Kabla ya kuvuka ukingo wa shimo, ambao kilichoupita hakirudi, gesi hiyo hujizungusha, husuguana na kutoa nishati ambayo inaweza kufikia takriban asilimia 10 ya tungamo lake, ilhali hidrojeni inayoungana kuwa heli ndani ya Jua hutoa asilimia 0.7 tu. Nishati hiyo hurudi nje kama mionzi, upepo na mikondo miwili myembamba ya chembe zinazokwenda karibu na kasi ya nuru. Mkondo wa M87 ulionwa na Heber Curtis mwaka 1918 kama mstari mnyoofu unaotoka kitovuni, miongo mingi kabla ya mtu yeyote kujua ni kitu gani.

Mahali pa kuliona jambo hili waziwazi ni kundi la galaksi liitwalo Perseus, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 240. Darubini ya eksirei ya Chandra, iliyorushwa angani mwaka 1999, ilionyesha mapovu makubwa yaliyochimbwa ndani ya gesi ya moto na mikondo ya shimo jeusi la galaksi ya katikati, NGC 1275. Mwaka 2003 wanaastronomia wakatangaza kwamba kutoka kwenye mapovu hayo kunasambaa viwimbi vya sauti, kimoja hadi kingine kikipishana kwa takriban miaka milioni 10. Viwimbi hivyo hubeba nishati na kuimwaga ndani ya gesi. Gesi ikipoa sana, shimo hulishwa zaidi na kuchochea moto. Moto ukizidi, gesi hutawanyika na shimo likakosa chakula, mpaka gesi ipoe tena. Ni jiko linalojichochea lenyewe kidogo kidogo kwa mabilioni ya miaka. Ukitafakari hili, utaona kwa nini neno kumeza linanikera: kinacholizuia wingu lisikunjike ni kile ambacho shimo linatoa, na kiasi linachoingiza ni kidogo mno mbele ya gesi iliyopo.

Zipo njia nyingine pia. Shimo linalolishwa kwa wingi linaweza kufukuza gesi baridi kwa upepo mkali, na galaksi ndogo inayoingia kwenye kundi kubwa inaweza kuvuliwa gesi yake kama vazi. Ila uliuliza juu ya galaksi kubwa, na kwao jambo kuu ni gesi kuzuiwa kupoa.

Sasa umbo. Hapa kosa la video ni kuunganisha matukio mawili kuwa moja. Kuacha kuzaa nyota ni habari ya gesi. Umbo ni habari ya jinsi nyota zinavyozunguka. Katika galaksi ya mikono nyota huzunguka kama magari kwenye kipilefti, zote upande mmoja, na zote karibu katika bapa moja. Katika duaradufu kubwa huenda kila upande, kama nyuki kuzunguka mzinga. Magari ya kipilefti hayageuki kundi la nyuki kwa sababu petroli imekwisha. Lazima kitu kiyavuruge. Kitu hicho mara nyingi ni galaksi nyingine.

Na galaksi zikigongana, nyota hazigongani. Ifanye nyota yetu, Jua, iwe punje ya mchele yenye urefu wa milimita 6, uiweke hapa Mwanza: nyota iliyo karibu nayo zaidi, Proxima Centauri, itakuwa kule Bukoba, ng'ambo ya ziwa. Galaksi mbili hupenyana kwa urahisi. Kinachozivuruga ni uvutano unaobadilikabadilika wa galaksi nzima. Ndugu wawili, Alar na Jüri Toomre, walionyesha mwaka 1972 kwa hesabu za kompyuta kwamba mikia mirefu ya nyota tunayoiona kwenye jozi kama NGC 4038 na NGC 4039 huvutwa na uvutano wa kawaida kabisa wakati galaksi zinapopishana. Gesi ni tofauti: mawingu yake hugongana, hupoteza mwendo, huporomoka kuelekea kitovuni na kuzaa nyota kwa kishindo, pengine na kulilisha shimo jeusi. Ndiyo maana mabadiliko ya umbo na kuzimika mara nyingi huonekana yakifuatana. Kufuatana si kuwa kitu kimoja.

Ushahidi kwamba yanaachana ni mwingi. Ziko galaksi nyekundu zilizotulia ambazo bado zina sahani na mikono mizuri. Uchunguzi wa ATLAS3D wa galaksi 260 za jirani zilizohesabiwa kuwa duaradufu au sahani zisizo na mikono ulikuta kwamba asilimia 86 bado zinazunguka kwa mpangilio kama sahani, ingawa pichani nyingi huonekana kama yai tu. Wale wa kundi la nyuki ni wachache, na wengi wao ndio wakubwa kupindukia. Galaksi kubwa zilizozimika mapema zilikuwa ndogo na zilizobanana, kisha zikatanuka kwa mabilioni ya miaka kwa kujiongezea galaksi ndogo pembeni mwao, muda mrefu baada ya kuacha kuzaa.

Kuhusu uzee: mwaka 1926 Edwin Hubble alizipanga galaksi kwa umbo, akaziita za mviringo "za awali" na za mikono "za baadaye". Wapo waliodhani kwamba galaksi huanza kama yai na kuishia na mikono. Leo video zinasoma mpangilio ule ule kinyumenyume, zikisema galaksi huanza na mikono na kuishia yai. Ule haukuwa mti wa umri, wala si umri unaoamua. Darubini ya James Webb imethibitisha galaksi iitwayo GS-9209, ambayo tunaiona ilivyokuwa miaka bilioni 1.25 tu baada ya Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu, na tayari ilikuwa imezimika. Njia Nyeupe ina nyota zilizokaribia umri wa ulimwengu, nayo bado inazaa kiasi cha Jua moja au mawili kila mwaka.

Basi je, galaksi yetu iko njiani? Kitovu chake kimetulia kiasi, na sahani yake inaendelea. Galaksi ya Andromeda, umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, inatukaribia kwa takriban kilomita 110 kila sekunde. Kwa muda mrefu tulifundisha kwamba mgongano hauepukiki. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2025, zilizotia ndani uvutano wa galaksi jirani zaidi, zinaonyesha kwamba uwezekano wa galaksi hizi mbili kuungana ndani ya miaka bilioni 10 ijayo ni takriban nusu kwa nusu. Hivyo ndivyo sayansi inavyosema kitu isichokuwa na hakika nacho: kwa kiasi cha uwezekano, pamoja na sababu. Video ya wanafunzi wako ilisema kwa uhakika kamili, bila kipimo hata kimoja.

Na hili, mwalimu, ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu haliishii kwenye video. Mwaka jana mzee mmoja wa Igogo alikuja na simu yake kunionyesha ujumbe aliotumiwa na mtu anayejitangaza kusafisha nyota. Ujumbe ulisema nyota ya mwanawe inamezwa na shimo jeusi, kwamba "wanasayansi wenyewe wamekiri", na chini yake palikuwa na picha ya duara la rangi ya machungwa. Ilikuwa picha ya M87 ya mwaka 2019. Mzee alikuwa ameshatuma nusu ya fedha. Nilikaa naye nikamweleza kwamba duara lile limechorwa kutokana na mawimbi ya redio yaliyopokelewa na darubini zilizotapakaa duniani, kwamba rangi ile iliwekwa na watafiti ili jicho lione nguvu ya mawimbi, na kwamba kitu chenyewe kiko mbali kiasi kwamba nuru iliyopigwa picha ilianza safari miaka milioni 55 iliyopita. Aliuliza swali moja tu: "Sasa mbona yeye analijua jina lake?" Nikaelewa kwamba ni jina la kisayansi ndilo lililomfanya amwamini.

Neno la sayansi likiazimwa bila kipimo chake, hubaki na heshima yake huku likipoteza maana, na mtu yeyote anaweza kuliuza. Wafundishe wanafunzi kumdai msemaji vipimo: umbali gani, tungamo gani, joto gani, limepimwa kwa mwanga wa aina gani, na picha hii imepigwa au imechorwa na msanii. Asiyeweza kujibu hata moja, hata kama anatoa mafunzo bure, hana cha kuwafundisha.

Mwisho, nakupa kazi ya kufanya nao mwezi wa Mei. Kati ya saa tatu na saa tano usiku, tazameni kusini. Tafuteni kundinyota la Salibu, kisha fundo la nyota la Omega Centauri, linaloonekana kwa macho kama nyota yenye ukungu. Pandeni juu yake kwa upana wa takriban vidole vitatu mkono ukiwa umenyooshwa, na kwa darubini ya macho mawili mtaona doa hafifu la mviringo: NGC 5128, iitwayo pia Centaurus A, umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 12. Ni duaradufu kubwa yenye mkanda wa vumbi katikati, mabaki ya galaksi ya sahani iliyoungana nayo, na ndani ya mkanda huo nyota mpya zinazaliwa wakati huu huu ambapo shimo lake jeusi linatoa mikondo ya redio iliyotanda angani kwa zaidi ya mara 10 ya upana wa Mwezi mpevu. Mkanda wenyewe unahitaji darubini kubwa zaidi, lakini doa mtaliona. Chagueni usiku usio na mwezi, na mkae mahali ambapo ziwa liko mgongoni mwenu, kwa kuwa usiku huo wavuvi wa dagaa nao watakuwa wamewasha taa.